Mzazi Alimleta Mtoto, Ofisi Ikampoteza: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Jina la wilaya halitajwi hapa, wala la kituo, wala la askari aliyekuwa zamu. Yote hayo yamo kwenye nakala iliyogongwa muhuri masjala, ambayo pengine bado inasubiri kupandishwa mezani. Msomaji wa gazeti atosheke kujua kuwa ni mojawapo ya wilaya za ukanda wa almasi na dhahabu, kati ya Kishapu na Geita, na kwamba mwandishi wa barua hii ni fundi seremala mwenye mtoto wa kiume wa miaka 15, ambaye mwaka jana alipaswa kufanya mtihani wa kidato cha pili.

Hakuufanya. Yuko machimboni.

Mkutano wa hadhara uliotangulia mkasa huu Mheshimiwa anaukumbuka vizuri, kwa kuwa ndiye aliyezungumza. Mota za visima zilikuwa zinaibwa mtaa kwa mtaa, nyaya za shaba zinakatwa, akina mama wanaporwa simu wakitoka gulioni. Mheshimiwa akasema wazazi wamelegea. Akasema mwizi ana kwao, anakula kwao na analala kwao, na kwamba mzazi anayejua mwanawe kaiba amlete mwenyewe kabla Serikali haijamfuata. Watu wakapiga makofi. Seremala naye alipiga, tena kwa nguvu, maana alikuwa bado hajaingia kwenye banda lake la kuku.

Bandani mlikuwa na mota ya kisima cha jirani, imeviringishwa ndani ya gunia la pumba. Mzazi huyo hakumpiga mtoto, wala hakumkimbizia kwa bibi yake kijijini kama wenzake walivyofanya na wanao siku hizohizo. Alipanda bodaboda na mtoto, mota wakaipakata katikati, cheti cha kuzaliwa kikiwa mfukoni, wakaenda kituoni. Jirani mmoja aliwasimamisha njiani: "Ngosha, mwanao unampeleka polisi mwenyewe?" Akajibiwa kuwa ndivyo Serikali ilivyoelekeza.

Kituoni mota ilipokelewa vizuri sana. Ilipewa namba, ikaandikwa kwenye daftari la vielelezo, ikafungiwa stoo. Mtoto ndiye aliyekosa mahali. Afisa ustawi wa jamii alikuwa safarini. Karatasi za kuandikia maelezo nazo zilikuwa zimekwisha, mzee asaidie. Mzee akasaidia. Cheti cha kuzaliwa kikatazamwa upande mmoja, kikarudishwa, na daftarini umri ukaandikwa miaka 19. Mzazi alipouliza, akaambiwa kijana ana mwili mkubwa. Basi mtoto wa miaka 15 akalala selo moja na wanaume wazima, mmoja wao akiwa amekamatwa na mawe ya dhahabu ambayo hakuweza kueleza ameyatoa wapi.

Katika jengo lile lote, mwanamume huyo peke yake ndiye aliyekuwa na mpango wowote kuhusu maisha ya mtoto. Alimweleza kuwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, wanatafuta vijana, kazi ni kulisha mawe, malipo ni kila jioni na chakula kipo. Akampa namba ya simu. Kesi yenyewe haikufika kwa hakimu, kwa sababu jirani alirudishiwa mota yake akasema yaishe, na mtoto akaachiwa bila karatasi hata moja ya kumwambia mzazi afanye nini kuanzia hapo. Wiki haikuisha. Alfajiri alipanda gari la mchomoko kuelekea upande wa Katoro, na tangu hapo habari zake huletwa na watu wa bodaboda. Mara moja alimtumia mama yake shilingi 20,000 kwa simu.

Wale waliofichwa vijijini je? Joto lilipopoa walirudi, wakavaa sare na kufanya mtihani. Mheshimiwa aliangalie hilo kwa utulivu: wazazi waliodanganya wana watoto darasani, na mzazi aliyetii agizo lake ana mtoto machimboni. Mtaani hesabu hiyo imeshaeleweka. Mkutano mwingine ukiitishwa na maneno yaleyale yakirudiwa, makofi yatapigwa, lakini hakuna mtoto atakayeletwa.

Sheria haina kosa hapa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18, inataka akikamatwa asichanganywe na watu wazima, imeunda Mahakama ya Watoto ambamo afisa ustawi wa jamii lazima awepo, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Hata mzazi haikumsahau: hakimu anaweza kumwamuru alipe faini au fidia kwa kosa la mwanawe. Seremala alikuwa tayari kulipa. Alikwenda na hela ya mota mfukoni, endapo ingeonekana imeungua. Ikatumika kwenye karatasi za maelezo.

Kilichokosekana ni mahali. Shule ya Maadilisho ya Irambo iko Mbeya. Mahabusu za watoto ni chache, zikiwemo za Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya, na kutoka machimbo ya Geita huko kote ni mbali. Askari wa zamu anayajua haya, ndiyo maana kalamu yake inaona wepesi kumzidishia mtoto miaka minne. Mtoto akishaandikwa mtu mzima, tatizo la mahali linakwisha papo hapo. Ni ufumbuzi wa bei nafuu, na mwandishi anakiri kuwa katika ofisi za umma hajakutana na mwingine wa haraka kama huo.

Wala isisemwe kwamba lazima pawe na majengo makubwa. Wilaya ya Temeke ilijaribu miaka zaidi ya kumi iliyopita utaratibu ambao mtoto aliyekosea hubaki kwao, akahudhuria vipindi vya marekebisho chini ya watu wa ustawi wa jamii, mzazi naye akiitwa na kukalishwa kitako. Mbeya wakaufuata. Vinavyohitajika ni chumba, watu wachache waliosomea kazi hiyo, na simu inayopokelewa usiku. Simu ikipokelewa, mtoto halali selo na mwenye mawe ya wizi, na asubuhi hana namba ya mtu wa karasha.

Mkutanoni ilisemwa pia kwamba wahalifu ni watu wa mjini, wanashuka kutoka stendi na sokoni kuja kuchafua mitaa mipya yenye watu wastaarabu. Seremala huyu aliwahi kuamini hivyo. Ndiyo sababu aliuza chumba na kibanda chake karibu na stendi, akanunua kiwanja kilichopimwa huko pembezoni, kwenye hewa safi. Alichokikuta huko Mheshimiwa hapiti usiku kukiona. Nyumba ni nzuri, kila moja na ukuta wake uliopandwa vipande vya chupa, mbwa, na geti la chuma. Barabara haina taa. Mjumbe hajulikani. Kwenye grosari kuna mashine ya dubwi inayomeza sarafu za mia mbili za wanafunzi tangu saa nane mchana. Hatua chache mbele yupo mnunuzi wa chuma chakavu ambaye mizani yake haijawahi kuuliza swali, na nyuma ya mitaro karasha linanguruma mpaka usiku wa manane.

Stendi, pamoja na sifa yake mbaya, mtoto akipita na gunia begani angeulizwa na muuza mitumba, na mshona viatu, na mama lishe, wote kabla hajavuka barabara. Kuna taa na walinzi wa maduka, na watu wanajuana kwa majina ya watoto wao. Pembezoni mtoto alibeba mota ya kilo nyingi akapita milango kadhaa, na hakuna aliyemwona, kwa sababu milango yote inatazama ndani.

Dar es Salaam imeyapitia haya ya watoto wahalifu. Hofu ya magenge ya vijana ya Panya Road ya Januari 2015 ilifunga maduka na kuwakimbiza watu barabarani. Septemba 2022 waliingia majumbani, Kawe akauawa mwanafunzi wa chuo kikuu, na Zingiziwa, pembeni kabisa mwa Ilala, nako watu wakavamiwa wamelala. Jibu lililoshangiliwa kuliko yote lilikuwa tangazo la polisi kwamba watuhumiwa kadhaa wameuawa kwa risasi. Wengi wa watu wanaoitwa kwa jina hilo ni vijana wa rika la kwenda shule, na mwandishi angependa kujua ni wangapi kati yao waliwahi kupita kituoni wakiwa na miaka 15, daftari likawaandika 19.

Shinyanga wenyewe wana mfano mkubwa zaidi wa kujifungia. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ilikua ikawa mji ndani ya uzio: shule, hospitali, uwanja wa ndege, bustani. Nje ya uzio wakabaki wabeshi, vijana wa vijiji vya jirani wanaopenya usiku kutafuta almasi. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi katika mgodi huo, ilikubali kutoa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71 yaliyohusu kupigwa, kujeruhiwa na hata kuuawa na walinzi. Uzio ulifanya kazi yake kwa almasi. Wabeshi hawajaisha.

Wazee wa huku watasema dawa ni sungusungu, na wana haki ya kujivuna. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wanaswagwa kwa bunduki, vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi vilijipanga vyenyewe, mwano, yowe la hatari, ukilia kila mwanamume anatoka, na familia iliyoficha mwizi ilitengwa, haipewi moto wala maji. Nchi nzima iliiga, na mwaka 1989 Bunge likawapa sungusungu nguvu ya sheria. Walikosea pia, vikongwe walioitwa wachawi wakiwa wa kwanza kuumia. Ila kwa ng'ombe walifaulu kwa sababu kijiji kilimjua kila kijana na zizi la baba yake. Leo mtaa wa viwanja vilivyopimwa una nini cha kutenga? Watu wameshajitenga wenyewe.

Kuhusu machimbo, Mheshimiwa hana haja ya kuelezwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini. Human Rights Watch walipochapisha ripoti yao ya 2013 juu ya wachimbaji wadogo wa Tanzania, walikuwa wamekutana na watoto wadogo hata wa miaka minane, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Mtoto wa seremala ana miaka 15 na mwili mkubwa, kwa hiyo huenda hata kwenye ripoti asingeonekana.

Na bado Serikali hiihii inajua kuhesabu ikitaka. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa kwa gramu, ikakatwa asilimia 6 ya mrabaha na asilimia 1 ya ukaguzi, risiti ikatolewa. Anayetorosha gramu hutafutwa usiku huohuo, vizuizi vikafungwa, magari yakapekuliwa. Kijiwe cha dhahabu kilichosagwa leo kwenye karasha kitaandikwa daftarini kwa uzito wake halisi. Aliyelisha karasha hilo haandikwi popote, isipokuwa daftari moja la polisi, na humo umri wake ni wa uongo.

Mwandishi anaomba mambo machache. Daftari lile lisahihishwe, kwa sababu siku yoyote kijana akikamatwa tena, miaka ile 19 itasomwa mahakamani kama ushahidi. Afisa ustawi wa jamii na mkaguzi wa polisi wa kata waende kwenye makarasha wakamtoe, na wenzake wote wa umri wake, bila kumpigia simu kwanza mwenye karasha. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanaitaka kampuni ya mgodi ikubaliane na halmashauri mpango wa kila mwaka wa uwajibikaji kwa jamii: safari hii, kabla ya kuandika mnara mwingine wa mzunguko wa barabara, pawekwe mahabusu ya watoto na watu wa kuisimamia. Wanunuzi wa chuma chakavu waandike majina ya wauzaji. Dubwi liondoke karibu na shule.

Na mikutano ya kuwakemea wazazi isitishwe mpaka pawepo mahali pa kumpeleka mtoto. Miaka nenda rudi viongozi wanapanda jukwaani, kila mmoja na hotuba ileile ya malezi, huku wakiwaachia akina mama wanaouza mihogo kazi ya kulea, kulinda, kupeleleza na kuhukumu, na wakimaliza wanapanda magari yenye vioo vyeusi kurudi kwenye nyumba zenye askari getini. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kurudi shule ndani ya miaka miwili. Muda huo kwa mtoto huyu umeshaanza kuliwa.

Nakala: Afisa Elimu, ambaye wiki iliyopita alimwandikia mzazi huyu barua akimtaka ajieleze kwa maandishi kwa nini mwanawe ni mtoro, na kumkumbusha kuwa mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kufikishwa mahakamani.