Kuchemsha Maziwa Hakutoshi

Mama mmoja wa Kipsongo, hapa Kitale, aliniuliza kama kuchemsha maziwa kunatosha kumlinda mwanawe. Nilimjibu kwamba kunaua viini, lakini hakuondoi kila sumu. Alishangaa, na huenda msomaji naye akashangaa.

Wafugaji wengi wa Trans Nzoia hukata mahindi mabichi pamoja na mabua yake, wakayashindilia shimoni na kuyafunika kwa karatasi ya nailoni ili yachache. Hiyo ndiyo saileji. Huhifadhiwa na asidi inayotengenezwa na bakteria, ndugu za wale wanaogandisha maziwa lala. Siku hizi bakteria hao huuzwa wakiwa unga, ukachanganywa na maji na kunyunyiziwa mahindi kabla ya kufunikwa. Wakiwa wengi tangu mwanzo, asidi hupanda upesi na vijidudu waharibifu hukosa nafasi.

Mimi si daktari wa mifugo, lakini unga huo nauunga mkono. Saileji iliyoingiwa na hewa huweza kustawisha listeria, kiini ambacho kikifika katika maziwa mabichi chaweza kumharibia mja mzito mimba. Hicho, kwa bahati nzuri, hufa kwa moto.

Ninachopinga ni kuudhania unga huo kuwa dawa ya kila kosa. Mahindi yaliyoota kuvu huweza kuwa na aflatoksini, sumu iliyoua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Bakteria wa saileji si wa kutegemewa kuiondoa. Ng'ombe akiila, ini lake huigeuza, na sehemu yake hutokea katika maziwa kabla ya siku kwisha. Jiko haliiwezi. Kidogo kidogo kwa miaka mingi, yaweza kuchochea saratani ya ini. Na ni nani anywaye maziwa kila siku kama mtoto?

Tuna desturi mbaya. Gunia lililooza, tusiloweza kulisaga, twampa ng'ombe. Twadhani tumelitupa, kumbe larudi ndani ya kikombe cha chai. Wanunuzi wa maziwa nao wana lawama: mfugaji akilipwa bei ile ile, awe amelisha vizuri au vibaya, kwa nini agharamike?

Yule mama nilimwambia aendelee kuchemsha, kisha amuulize mwuza maziwa wake ng'ombe anakula nini.