Kasa wangu wamemnywesha juisi!

Leo sina stori ya mapenzi. Leo mie mwenyewe ndiye niliyeumbuka, tena nimeumbuliwa na mtoto wa miaka minane.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimepigika ile mbaya. Mwenye nyumba alishaanza kuniita "kijana wangu", na mwenye nyumba akishaanza upole ujue kodi imepita siku. Mara simu ikaita, namba ngeni. Sauti ya dada, nyororo, kutoka Dar. Anasema yuko idara ya masoko ya kampuni moja inayotengeneza juisi za watoto, zile za kwenye vichupa vidogo vya plastiki. Jina la kampuni nalimeza, na usinibembeleze. Anasoma vijimakala vyangu, anavipenda, na sasa wanataka hadithi ya watoto, kurasa kumi na sita, yenye ujumbe wa mazingira. Malipo laki nne, nusu mkononi.

Wewe ungekataa? Acha hizo.

Siku tatu nikawa nimemaliza, na wallahi niliipenda. Kasa mdogo anaitwa Zuwena. Anaanguliwa mchangani Madete, kule hifadhi ya Saadani. Hilo sikulitunga, kasa wanataga kweli pale, na Saadani iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 ndiyo ambayo simba na bahari wako jirani. Basi Zuwena anakimbilia maji, anaingia kwenye chupa, anakwama. Msichana mmoja anamtoa. Halafu huyo msichana anaondoka na ile chupa mkononi, anauliza, "Chupa hii ya nani?" Mvuvi anasema, si yangu, mie nimenunua dukani. Mwenye duka anasema, si yangu, nimeletewa na wakala. Wakala anasema, si yangu, imekuja na lori. Dereva wa lori anasema, mie napakia tu, uliza kiwandani. Binti akapanda daladala mpaka Dar, akagonga geti la kiwanda.

Unaijua aina hiyo ya hadithi. Ndizo bibi zetu walizotulalia nazo, kila mtu anamsukumia mwenzake mpaka unamfikia mwenye jambo. Mtoto anaifuata kidole kwa kidole, wala hasinzii.

Baada ya wiki hadithi ikanirudia imesahihishwa. Nikaisoma mara mbili nikidhani wamekosea wamenitumia ya mtu mwingine. Mvuvi hayupo. Duka halipo. Lori halipo. Geti ndiyo kabisaaa! Chupa imegeuka "taka". Kaingizwa mtoto mpya, Hamisi, mtukutu, ndiye aliyeitupa. Msichana anamgombeza, Hamisi analia, anaokota taka zote za pwani nzima peke yake, na mwishowe Zuwena anawapongeza wote kwa kuwapa juisi. Na yeye mwenyewe anakunywa. Kasa, bwana! Kwa mrija!

Nikapiga simu.

"Dada, samahani, ile safari ya mpaka getini imekwenda wapi?"

"Kaka yangu, tumefupisha. Watoto hawapendi vitu virefu."

"Na chupa?"

"Chupa ina picha mbaya kidogo. Taka inaeleweka zaidi."

Nikanyamaza. Laki mbili zilizobaki zilikuwa zinanitazama. Nikasema sawa dada, hakuna tabu.

Sasa usiku huo usingizi hauji, nikaanza kuperuzi kwenye simu nione kama kuna mwingine aliyewahi kuuzwa hivi. Wapo, tena mkubwa wao hadithi yake ilizaliwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Kuna Mmarekani mmoja, Theodor Geisel, aliyejulikana zaidi kwa jina la Dr. Seuss, bingwa wa vitabu vya watoto. Mwaka 1970 alikuwa amekwama na hadithi aliyotaka kuiandika kuhusu uharibifu wa mazingira, haiji. Akaja Kenya kutalii. Akiwa kwenye hoteli kule Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, akaona tembo wanapita, na kichwa kikafunguka. Karibu kitabu kizima akakiandika alasiri moja, juu ya karatasi ya orodha ya nguo za dobi. Ndicho kile kiitwacho The Lorax, kikatoka 1971. Mwaka 2018 watafiti waliandika kwamba huenda hata huyo Lorax mwenyewe, kijitu chenye masharubu kinachotetea miti, sura yake ilitoka kwa wale kima wekundu wa nyika za Laikipia wanaotegemea sana miti ya migunga. Kwa hiyo mzee alichota kwetu, japo hatujapata hata hela ya nauli.

Stori yenyewe ni ya mfanyabiashara anayekata miti mizuri afume vazi ambalo kila mtu analitaka na hakuna anayelihitaji. Anaonywa, hasikii, anaongeza mashine, mpaka mti wa mwisho unaanguka na kiwanda kinafungwa. Mkosaji yumo humo humo ndani ya kitabu na anakiri kwa mdomo wake.

Haya, mwaka 2012 wakaitengenezea filamu. Kampuni zipatazo 70 zikajipanga kuitumia kwa matangazo. Mgahawa wa chapati tamu ukaleta chakula cha Lorax. Na Mazda, watengenezaji wa magari, wakatoa tangazo gari lao jipya la CX-5 likikatiza katikati ya ile miti ya kwenye hadithi, kana kwamba miti yenyewe imelipa baraka. Gari la petroli! Wakalipeleka mpaka kwenye shule za msingi kule Marekani, na mpango ukawa kwamba mtoto akamshawishi mzazi aende kulijaribu gari, kila anayejaribu kampuni inatoa dola 25 kwa ajili ya maktaba za shule. Watu walipiga kelele sana. Ukiniuliza mie, hela za maktaba ni hela nzuri, hata shule niliyosoma ingezipokea kwa mikono miwili, maana maktaba yetu ilikuwa kabati moja na ufunguo anao mwalimu mkuu. Lakini mtoto wa darasa la pili kugeuzwa dalali wa gari, kwa kutumia hadithi inayomkanya mtu asiuze vitu visivyohitajika... hapo ndipo nilipokaa kitandani wima.

Halafu ona maajabu. Mwaka huo huo wa 1971 kitabu kilipotoka, kwenye televisheni za Marekani lilitoka tangazo la mzee aliyevaa kama Mhindi Mwekundu, anaona takataka, chozi linamdondoka. Ujumbe ulikuwa kwamba uchafu unaanzwa na watu, na watu ndio wanaoweza kuukomesha. Jumuiya iliyotoa tangazo, Keep America Beautiful, iliundwa 1953, na miongoni mwa walioiunda walikuwa watengenezaji wa makopo na chupa. Na yule mzee wala hakuwa Mhindi Mwekundu, wazazi wake walitoka Italia! Kumbe Hamisi wangu ana babu yake Marekani, umri unapita miaka hamsini.

Ndiyo maana nasema zile za zamani zilikuwa na bahati. Fisi hana idara ya masoko. Hakuna aliyempigia simu bibi yangu kumwambia, "Bibi, fisi ana picha mbaya kidogo, mwite changamoto."

Usinielewe vibaya, hadithi ya taka inaweza kusimuliwa na ikawa tamu. Majirani zetu wa Lamu walifanya. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la mita tisa kwa plastiki tupu iliyookotwa, tani kama kumi hivi, na ubavuni wakalipamba kwa malapa yapatayo 30,000. Wakaliita Flipflopi, likashushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likatweka tanga mpaka Unguja, kilomita kama 500, likitia nanga njiani na kuongea na watoto wa shule. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilikuwa nyuma yao, na 2023 kikatoka na kitabu cha watoto. Raha ya chombo kile ni kwamba mtoto akisogea anaona lapa, na anaijua lapa. Hakuna aliyempaka rangi akamwita taka.

Na hapa Bara tulikuwa na rambo, unazikumbuka? Miti yote ya Magomeni ilikuwa imevaa rambo. Zilikuja kupungua baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ile tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar wakiwa wametangulia tangu 2006. Walibanwa wanaotengeneza, wanaoingiza na wanaouza. Hamisi aliokota rambo miaka yote na kesho yake zikawa pale pale. Soda nayo, tulipokuwa wadogo, ukitumwa dukani huondoki na chupa ya kioo bila kuacha hela ya chupa. Uliwahi kuona chupa ile imezagaa pwani? Mtoto gani angeiacha, ile ni hela ya kashata!

Basi kitabu kikatoka. Wakaja nacho Bagamoyo, shule moja hapa mjini, na siku ya kusafisha pwani ikapangwa karibu na forodha ya zamani. Fulana, muziki, kamera. Watoto walijaza magunia kwelikweli, walijituma. Kisha kila mmoja akapewa juisi ya kichupa. Magunia yakapigwa picha, magari yakarudi Dar, magunia yakabaki. Siku ya nne mbuzi waliyafungua, na upepo wa kusi ukamalizia kazi.

Lakini kitabu hukupewa hivi hivi. Unaleta vifuniko kumi vya juisi yao ndipo unapata Zuwena. Maana yake mtoto anunue vichupa kumi ili asome habari za kasa aliyekwama kwenye kichupa.

Mwanahawa, mtoto wa dada yangu, hela ya juisi kumi angeipata wapi? Akashuka pwani na mfuko wa sulfeti. Hazikupita dakika kumi, vifuniko kumi na saba! Rangi ile ile, nembo ile ile. Akavisuuza kwa maji ya bahari, akakimbia navyo kwa wakala, mie nyuma yake natabasamu nikijua mpwa wangu ana akili.

Wakala akavitazama, akavisukuma pembeni.

"Hivi vimechakaa. Tunapokea vipya tu."

"Lakini ni vyenu," mtoto akamwambia.

"Umeviokota."

"Ndiyo. Vilikuwa baharini."

Wakala akaniangalia mie, kama vile nimuondolee mtoto. Mwanahawa naye akaniangalia. "Mjomba, si wewe ndiye uliyeandika? Mwambie."

Nikamwambia nini, msomaji wangu? Kodi nilishalipa. Nikamshika mkono tukaondoka, na njia nzima ya kurudi Dunda hakunisemesha.

Vile vifuniko hakuvitupa. Jana nimemkuta barazani kachimba vishimo vyake ardhini, anacheza bao na mtoto wa jirani, vifuniko ndiyo kete. Nikauliza kama nami naweza kucheza. Akasema nisubiri zamu yangu.