Kizunguzungu cha Mjamzito Si Deko



Leo hatuna maneno matamu. Kuna neno moja linatembea majumbani mwetu, Unguja na Pemba, nalo linawaumiza wanawake: deko. Mwanamke ana mimba ya miezi miwili, amesimama jikoni anakaanga sambusa, mara macho yanaingia giza, anashika ukuta asianguke. Badala ya kuletewa kiti, anasikia sauti kutoka ukumbini: "Mimba si maradhi!" Basi anajikaza, anamaliza beseni zima.

Mimba si maradhi, tunakubali. Lakini ni mzigo, na aliyesema hivyo si sisi. Katika Suratu Luqman Mola wetu ametaja jinsi mama anavyobeba mimba huku akizidi kudhoofika, na kwa sababu hiyo ameamrisha mtoto amshukuru mama yake. Sasa kama Muumba ameutambua udhaifu ule, wifi na mama mkwe wanapata wapi ruhusa ya kuukana?

Na tuwaambie kinachotokea mwilini, maana wanaosema deko aghlabu hawakijui. Mimba ikishika, homoni hulegeza mishipa ya damu, na presha hushuka. Huendelea kuwa chini mpaka katikati ya mimba, kisha hupanda tena kuelekea kuzaa. Ndiyo maana mwanamke akisimama muda mrefu, au akiinuka ghafla kitandani, damu inachelewa kufika kichwani na kisunzi kinamshika. Tena damu yenyewe huongezeka mwilini, mwisho wake hufika karibu nusu zaidi ya ile aliyokuwa nayo, lakini maji yake yanazidi haraka kuliko chembe nyekundu. Ni kama mchuzi uliozidishwa tui jepesi: sufuria imejaa, lakini uzito umepungua. Ongeza hapo kutapika asubuhi, tumbo tupu na joto la kaskazi. Huyo anayeona nyumba inazunguka hajaigiza kitu.

Watu wazima watatujibu kwamba bibi zetu walilima mpunga mpaka siku ya uchungu na hawakulalamika. Walilima, ndiyo. Lakini tunaowasikia wakisimulia ni wale waliopona. Waliokufa na mimba zao hawapo barazani kutusimulia, na hakuna ukoo visiwani humu usiokuwa na kaburi la namna hiyo. Halafu bibi hao hao ndio waliotuachia arubaini, siku ambazo mzazi halazimishwi kazi, anakandwa, anapikiwa, anatunzwa. Walijua kwamba mwili wa mwanamke unataka kupumzishwa. Sisi tumeshika nusu ya desturi, tunamhurumia akishazaa tu, na miezi tisa ya kabla yake tunamwita mvivu.

Wengine hawasemi deko, wanasema ana shetani. Ubani unafukizwa, kombe linaandikwa, siku saba zinapita. Hatubishani na kusomewa Qur'ani, na hakuna Muislamu anayeweza kubishana nayo. Tunabishana na kusomewa badala ya kupimwa. Dua haizuii kidole kutolewa tone la damu. Mjamzito ambaye wingi wa damu yake uko chini ya gramu 11 huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu, na dalili yake ya mwanzo mara nyingi ni hicho hicho kizunguzungu, kuchoka, na moyo kwenda mbio akipanda ngazi. Wapo pia wanaotamani udongo na kuutafuna kila siku. Hamu hiyo nayo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuuzuia mwili usichukue madini ya chuma kwenye chakula. Jini wa aina hii hutolewa kwa vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, na vimezwe kweli, visilimbikizwe kabatini kwa sababu vinaleta kichefuchefu. Vikikusumbua, vimeze usiku ukienda kulala. Na visimezwe kwa chai! Chai ya rangi tunayoipenda inazuia chuma kisiingie mwilini, iwe ya kidonge au ya chakula. Iache kama saa moja au mbili. Mchicha, kisamvu, choroko, dagaa na kipande cha nyama, ukikamulia ndimu juu yake, vinafanya kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Tuje kwenye Ramadhani, maana hapo ndipo ukaidi unapovaa kanzu ya dini. Tumeona wanawake wanaanguka saa tisa mchana mbele ya jiko la futari, wanamwagiwa maji usoni, na wanasifiwa kwa kuwa hawakufungua. Wanasifiwa kwa lipi? Mtume, rehema na amani zimshukie, amepokewa akieleza kwamba mjamzito na mnyonyeshaji wameondolewa uzito wa saumu, kama alivyoondolewa msafiri. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo hapa, jambo hili limepambanuliwa vizuri: akichelea nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atafungua na atalipa siku zake. Akichelea mtoto peke yake, atafungua, atalipa, na atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Hatusemi kila mjamzito ale mchana. Wapo wanaofunga bila tabu, Mwenyezi Mungu awatakabalie. Lakini yule anayezunguka kichwa mpaka anaanguka, ruhusa yake imeshatolewa na Mwenye dini, haihitaji kusubiri idhini ya jirani. Anayemsimanga mwanamke kwa kutumia rukhsa ya Mola wake, aogope.

Na sala ni hivyo hivyo. Tuna dada zetu wanaoogopa kukaa kwenye sala ya faradhi kwa kuwa "mbona miguu yako mizima". Vitabu vya fiqhi ya Shafii vinapoeleza nani anaruhusiwa kusali kwa kukaa, moja ya mifano yake ni mtu aliyemo chomboni baharini anayechelea kizunguzungu akisimama. Watu wa visiwani sisi! Nani anayekijua kisunzi cha bahari kuliko sisi tunaovuka mkondo kwenda Pemba? Ikiwa abiria wa saa chache ana ruhusa, aliyebeba kiumbe miezi tisa na dunia inamzunguka hivyo hivyo ana haki ya kiti chake mbele ya Mola wake, bila kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Kisa cha Bibi Maryam tunakisoma sana akina mama wanapokaribia kuzaa, na ni vyema. Basi tukisome na tukione. Alipokuwa peke yake chini ya mtende, uchungu umemzidi, alionyeshwa kijito cha maji, akaangushiwa tende, akaambiwa ale, anywe na atulie. Hakulaumiwa kwa udhaifu wake.

Kwa makungwi wetu tuna neno pia, kwa heshima zote. Bi harusi anafundishwa singo, anafundishwa udi na asumini, anafundishwa namna ya kumpokea mume. Mwezi wa pili ana mimba, anaanguka chooni ukweni, na hajui hata akae vipi. Somo hilo nalo liingie chumbani mwa mwari. Ukisikia kichwa kinakuwa chepesi, kaa pale pale ulipo, hata kama ni sakafuni mbele ya wageni. Usitembee kutafuta kitanda, huko ndiko watu wanakovunjikia meno. Ukiweza kulala, lala ubavu wa kushoto. Mimba ikishakuwa kubwa usilale chali, kwa sababu uzito wa mtoto unabana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na hapo utahisi kama unazimia ukiwa umelala. Asubuhi kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kula kitu kidogo, ndipo uinuke. Kula kidogo mara nyingi. Kunywa maji. Na shughuli za watu, zile za kubanwa kwenye turubai masaa manne ndani ya baibui zito na moshi wa udi, si fardhi kwako.

Lipo jambo la mwisho, na hili linawahusu waume. Visiwani kwetu bado mwanamke anasubiri ruhusa ya kwenda hospitali, na mume yuko baharini, au kazini Dar es Salaam, simu haipatikani. Ruhusa hiyo itolewe mapema, tangu siku mimba inapojulikana, pamoja na nauli iliyowekwa mkononi mwa mke. Maana kuna kizunguzungu kisichongoja. Kikija na maumivu makali ya tumbo mimba ikiwa changa, hata kama hakuna damu inayoonekana, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi na damu inavuja ndani. Kikija na damu. Kikija na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, hiyo huenda ni presha ya kifafa cha mimba. Akizimia kabisa, akikosa pumzi, au mtoto akipunguza kucheza. Hapo hapasubiriwi mume, haufukizwi ubani, wala haiulizwi futari itapikwa na nani. Anapakiwa kwenye gari ya kwanza inayopatikana, na kama ni usiku na yuko kijiji cha mbali au kisiwa kidogo, jirani mwenye chombo agongewe mlango.