Sharubati ya nyumbani: kinywaji cha kaskazi na mpaka wake



Kaskazi imeingia. Mtoto arejeapo kutoka madrasa adhuhuri, jambo la kwanza aulizalo si chakula, bali kama kuna kitu cha baridi. Katika nyumba nyingi jibu limekuwa chupa ya soda kutoka dukani. Wiki hii tunapenda kuzirejesha familia zetu kwenye sharubati ya kupikwa nyumbani, tena tuutaje mpaka wake, kwani jambo hili limewahi kutufika sisi wenyewe msikitini.

Msimu uliopita wa joto, akina mama wa msikiti wetu walitengeneza ndoo ya maji ya ukwaju kwa ajili ya darsa la Ijumaa. Kilichobaki kilitiwa katika chupa, zikafungwa barabara na kuwekwa stoo. Jumatatu jioni watoto wa madrasa walipofungua chupa ya kwanza, kifuniko kiliruka kwa kishindo. Kinywaji kikatoa povu na harufu kali. Watoto wakashangilia kwamba ukwaju umegeuka soda. Ustadhi akawazuia wasinywe, akatuita sisi wa kamati.

Palikuwa na maneno. Yupo aliyesema kuwa kumwaga kitu cha sadaka ni israfu, na yupo aliyesema kuwa ile ni gesi tu. Mwishowe tulimwaga chupa zote. Lawama, tukisema kweli, ilikuwa yetu: ufunguo wa stoo ulikuwa mikononi mwetu, nasi ndio tulioona uzito kuzipeleka chupa zile kwenye friji ya jirani.

Hapa pana jambo la kufahamu. Gesi ya soda ya dukani ni hewa ya kaboni iliyosindiliwa katika maji. Gesi ya ukwaju uliolala kwenye joto ni nyingine, kwani chachu iliyomo hewani na katika matunda hula sukari, ikatoa gesi na pombe kwa pamoja. Povu lile lilikuwa alama ya kuchacha.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (RA), katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (SAW) alikuwa akirowekewa zabibu, akanywa maji yake siku hiyo, ya pili na ya tatu. Ifikapo jioni ya siku ya tatu, kilichobaki hunywewa au humwagwa. Tena tumefundishwa kwamba kinacholevya kwa wingi, hata kidogo chake ni haramu. Basi asione mtu kuwa siku tatu ni ruhusa ya kufumba macho. Katika joto letu kinywaji kisicho katika friji huweza kuharibika kabla ya hapo. Kikitoa povu chenyewe, kikabadilika harufu au ladha, kiachwe. Kuacha chenye shaka ni salama ya dini na ya tumbo.

Sasa tuingie jikoni. Chukua robo kilo ya ukwaju, uroweke katika lita moja ya maji ya moto kwa nusu saa. Ukishapoa, uvuruge kwa mkono safi, kisha uchuje. Tia sukari robo kilo, kipande cha tangawizi kilichopondwa, hiliki tatu na chumvi kidogo sana. Chemsha kwa moto wa wastani hadi ibaki kama robo tatu ya lita. Sufuria isiwe ya alumini, kwa kuwa ukali wa ukwaju huila. Chuja tena, mimina katika chupa ya kioo iliyochemshwa, ikipoa iweke kwenye friji, na imalizwe ndani ya wiki moja. Asiye na friji apike kidogo, cha kutosha siku ileile.

Wakati wa kunywa, tia vijiko vitatu vikubwa vya sharubati katika bilauri, ongeza maji baridi. Anayetaka ile ladha ya soda aongeze maji ya gesi yasiyo na sukari, palepale mezani. Kwa njia hiyo hiyo waweza kupika rosela, pasheni au embe; embe likiwa tamu, punguza sukari.

Soda nyingi za dukani zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, yaani gramu 25 kwa bilauri ya mililita 250. Bilauri yetu ya ukwaju ina gramu 15 hivi za sukari iliyotiwa. Imepungua, lakini haikwisha, kwa hiyo mwenye kisukari asidanganyike na neno "ya nyumbani". Nasi wazima tukumbuke kuwa Allah (SW) ametuamrisha kula na kunywa pasi na kupita kiasi.

Ramadhani ya miaka hii inaangukia ndani ya joto hilihili, na futari za pamoja zitakuwa nyingi. Kamati yetu imeweka utaratibu mdogo: kila chupa inayoingia msikitini huandikwa siku iliyopikwa, na kinachobaki usiku hugawiwa majirani, hakilali stoo. Tunazinasihi kamati nyingine na kila nyumba zifanye hivyo.

Allah atujaalie riziki ya halali na iliyo njema. Amin.