Marekani wanagombania historia ya watu weusi shuleni: Ngara na Biharamulo inatuhusu nini?

Kila Februari shule nyingi nchini Marekani huadhimisha Mwezi wa Historia ya Watu Weusi. Kwa miaka ya karibuni somo hilo limezua ugomvi mkubwa: kifundishwe nini, kwa maneno gani, na nani mwenye kuamua. Msikilizaji wa Rulenge au Nyakahura anaweza kuuliza, hayo ya Marekani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Huku kwetu mpakani, historia ambayo mtoto hakufundishwa inaweza kumgharimu siku atakapotakiwa kueleza yeye ni mwenyeji wa wapi.

Katika makala haya tunaeleza kwanza ugomvi wa Wamarekani, kisha tunaangalia historia yetu wenyewe na nafasi ambayo somo jipya la shule limeifungua.

Ugomvi wenyewe ni upi?

Mwaka 1926 mwanahistoria mweusi Carter G. Woodson, ambaye wazazi wake waliwahi kuwa watumwa, alianzisha wiki ya kufundisha historia ya watu weusi. Aliona kwamba vitabu vya shule vya wakati huo vilimdharau mtu mweusi au havikumtaja kabisa. Mwaka 1976 wiki hiyo ikawa mwezi mzima.

Marekani haina mtaala mmoja wa taifa kama tulio nao sisi. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina uamuzi wake. Mji wa Philadelphia, kwa mfano, tangu 2005 unamtaka mwanafunzi wa sekondari asome historia ya Wamarekani weusi ndipo ahitimu. Kwingineko mada hiyo hupitiwa haraka, utumwa siku mbili, Martin Luther King siku moja, basi.

Jimbo la Florida linaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kugeuka. Mwaka 1994 lilipitisha sheria ya kulazimisha historia hiyo ifundishwe. Januari 2023 jimbo hilohilo lilikataa somo jipya la historia ya Wamarekani weusi lililoandaliwa kwa wanafunzi wa sekondari. Julai mwaka huo likatoa miongozo iliyosema kwamba watumwa walijifunza ujuzi ambao, katika baadhi ya mazingira, uliweza kuwafaa wao wenyewe. Hapo watu waliwaka. Wengi waliuliza: mtu aliyefungwa minyororo, akauzwa, akatenganishwa na watoto wake, unamhesabiaje faida?

Wanaotaka somo lipunguzwe makali wana hoja yao. Wanasema mtoto wa leo asifanywe ajione na hatia kwa makosa ya mababu zake, na darasa lisigeuzwe uwanja wa siasa. Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri inayokwenda upande huo. Wanaowapinga wanajibu kwamba uchungu haukuletwa na mwalimu. Uko kwenye matukio yenyewe, na kuyaficha hakuyafuti. Wanatoa mfano wa Tulsa, Oklahoma, ambako mwaka 1921 kundi la wazungu lilichoma mtaa wa Greenwood wa watu weusi na kuua wengi. Kwa miongo mingi watoto wa jimbo hilo walimaliza shule bila kulisikia tukio hilo darasani.

Kitabu, simu na mama mmoja

Mwaka 2015 mwanafunzi wa Texas alikuwa akisoma kitabu chake cha jiografia. Chini ya ramani moja aliona maelezo kwamba biashara ya watumwa ilileta mamilioni ya "wafanyakazi" kutoka Afrika kwenda kwenye mashamba ya kusini mwa Marekani. Wafanyakazi! Akapiga picha kwa simu, akamtumia mama yake. Mama akaiweka mtandaoni, watu wakaisambaza, na kampuni ya uchapishaji ya McGraw-Hill ikakiri kuwa maelezo hayafai, ikaahidi kuyarekebisha.

Tumekisimulia kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, neno moja kitabuni linaweza kugeuza jambo zima: mfanyakazi analipwa, mtumwa halipwi. Pili, aliyeligundua kosa hakuwa profesa. Ni mwanafunzi, na mzazi wake akaliweka mbele ya watu.

Wamarekani weusi wanalishikilia somo hili kwa sababu linagusa uraia wao. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa nchi hiyo, hata kama amezaliwa pale. Ilibidi vita vipiganwe, na mwaka 1868 Katiba ikabadilishwa, ndipo akahesabiwa raia. Kwao kujua historia ni kujua kwa nini wana haki ya kuwa pale walipo. Na hapo ndipo habari yao inapokutana na yetu.

Merikani iliyofika Usui

Wazee wetu wengi wanalijua neno "merikani", ile nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walikuja Zanzibar kununua pembe za ndovu, na nguo hiyo ilikuwa bidhaa yao kubwa. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa nchi yao. Pamba kwa sehemu kubwa ilitoka kusini, ikilimwa na kuchumwa na watumwa weusi.

Kutoka pwani, merikani ilibebwa na wapagazi hadi Tabora, kisha kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Njia hiyo ilipita Usui, eneo ambalo leo tunalijua kama Biharamulo. Mwaka 1861 wasafiri Waingereza Speke na Grant walipopita, mtawala Suwarora aliwatoza hongo ya nguo, shanga na waya kabla ya kuwaruhusu waendelee. Mwaka huohuo Wamarekani walikuwa wameanza kupigana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu ya utumwa.

Misafara ya wakati ule ilirudi pwani na pembe, na ilirudi na watu pia. Wako watawala wa Kiafrika waliofaidika na biashara hiyo, na wako raia wao walioumia. Mwanafunzi wa Biharamulo anayesoma kuhusu utumwa kama jambo la Bagamoyo na Zanzibar tu anakosa kujua kwamba njia ilipita kwao.

Mpaka ulichorwa, watu wakabaki

Kwa upande wa Ngara, mfano mkubwa ni Bugufi. Wakati wa Wajerumani, Bugufi na Burundi zote zilikuwa ndani ya koloni moja, na Bugufi ilihesabiwa upande wa ufalme wa Burundi. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, ambayo askari wake wengi walikuwa Waafrika, yaliwaondoa Wajerumani na kufika hadi Biharamulo.

Mwaka 1919 wajumbe wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, walikubaliana mgawanyo. Ruanda-Urundi ikaenda kwa Wabelgiji, Tanganyika kwa Waingereza. Eneo la Gisaka, mashariki mwa Rwanda, walipewa Waingereza kwanza, kisha likarudishwa Rwanda mwaka 1924. Bugufi haikurudishwa. Ikabaki Tanganyika, na ndiyo hiyo sehemu ya wilaya ya Ngara tunayoijua leo.

Mzee wa Bugufi wa wakati huo hakuhama. Alikuwa kwenye migomba yake ileile, akizungumza lugha yake ileile. Uamuzi ulifanyika mbali naye. Ndiyo maana Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, na ndiyo maana koo nyingi zina ndugu ng'ambo ya mpaka.

Sasa angalia uzito wake. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Baadaye ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilikuwa na sababu zake, ukiwemo ujambazi wa silaha kwenye barabara zetu, ambao kila msafiri wa Biharamulo wa miaka ile anaukumbuka. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwemo watu waliokaa nchini miongo mingi, waliooa na kuzaa hapa.

Wilaya za mpakani, lafudhi peke yake inaweza kumletea mtu maswali: babu yako alizaliwa wapi, alikuja lini? Kijana anayejua habari ya Bugufi ana pa kuanzia kujibu. Asiyejua anaweza kubaki ametazama chini, akidhani kufanana kwa lugha yake na ya jirani ni ushahidi dhidi yake. Hata afisa anayeuliza, naye alisoma shule fulani, na kama huko hakufundishwa kwamba mpaka huu ulichorwa juu ya watu waliokuwepo, atamtilia shaka mtu asiye na kosa.

Yapo na ya jana

Historia yetu nyingine haijafikisha hata umri wa mzee. Tarehe 28 Aprili 1994, wakati mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiendelea Rwanda, watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo. Katika muda wa takribani saa 24 walivuka kiasi cha watu 250,000. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, ikawa kama mji mkubwa. Desemba 1996 karibu wakimbizi nusu milioni walirudishwa Rwanda.

Kuna yanayosimulika kwa urahisi: wenyeji waliogawana maji na chakula na wageni. Kuna magumu pia: miti iliyokwisha milimani, miili iliyoelea mto Kagera hadi Ziwa Victoria, na ukweli kwamba ndani ya kambi zilezile waliishi waliokimbia vita na wengine waliokuwa wameua. Ukimfundisha mtoto sehemu ya kwanza tu, umemfundisha nusu.

Na habari hii nayo imefika Marekani. Kuanzia 2007 nchi hiyo ilipokea maelfu ya Warundi waliokimbia kwao tangu 1972, kutoka kambi za Ngara, Kibondo na Kasulu. Watoto waliozaliwa huku kwetu walikwenda kukaa kwenye madarasa ya Marekani, wakafundishwa historia ya watu weusi wa kule kama historia yao mpya.

Somo jipya linatoa nafasi gani?

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, ukiwa na somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili. Linafundishwa kwa Kiswahili, hata sekondari. Hilo ni jambo kubwa kwa mzazi wa kijijini, kwa sababu anaweza kufungua kitabu cha mwanawe na kukisoma mwenyewe. Vitabu na mihtasari huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ambayo pia ina maktaba mtandao unayoweza kuifungua kwa simu.

Utaratibu wetu una faida moja kuliko wa Marekani. Hakuna mkoa unaoweza kusema kwetu somo hili halifundishwi. Lakini kitabu kimoja kwa nchi yenye makabila zaidi ya 120 hakiwezi kubeba habari za Bugufi, Bushubi na Usui kwa kina zinachostahili. Pengo hilo halitajazwa na Dodoma. Litajazwa na mwalimu aliyepo hapa, akisaidiwa na wazee waliopo hapa.

Mwalimu anapofika kwenye mada ya wakoloni, boma la Wajerumani la Biharamulo bado limesimama, watoto wanaweza kwenda kuliona. Akifika kwenye mipaka, mlimani Kabanga mpaka unaonekana kwa macho. Akifika kwenye biashara ya misafara, aanzie na neno merikani, awaulize watoto wakamuulize bibi.

Kwa wazazi na vijana, simu uliyoshika sasa hivi inarekodi sauti. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1963, utawala wa machifu ulipofutwa, ana zaidi ya miaka 80. Mkalie karibu. Muulize jina la babu yake na kilima alichozikwa, muulize mtemi au mwami aliyemkumbuka, muulize kodi ililipwaje na nani aliyeipeleka. Muulize na yale ambayo ukoo hauyasemi mbele ya wageni, kama atakubali. Andika tarehe ya mazungumzo, kijiji na jina lake kamili, kisha peleka nakala shuleni kwa mwalimu wa historia na nyingine ihifadhi nyumbani, pamoja na hati za shamba na vyeti vya kuzaliwa.