Jina Moja, Matamshi Mawili: Mzazi Aandike Lipi?

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Lakini jina litang'ara vipi ikiwa kila alisomaye analitamka lake? Tatizo hili limeingia katika nyumba nyingi za Waislamu wa Pwani, toka Lamu hadi Vanga. Asili yake ni herufi tunazoliandikia jina.

Tuchukue jina Asia, ambalo limeenea sana huku kwetu. Katika Kiarabu kuna majina mawili yanayofanana nalo. La kwanza, lenye herufi sin, ni la mke wa Firauni, bibi mwema aliyemlea Nabii Musa. La pili huanza kwa ain likafuatwa na swad, na maana yake ni mwanamke muasi. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba binti wa Sayyidna Umar aliitwa hilo la pili, na Mtume (S.A.W.) akalibadilisha, akamwita Jamila. Ajuaye Kiarabu hawezi kuyachanganya haya mawili. Lakini kwa herufi za Kirumi yote huwa Asia, na aliyezoea Kiingereza akiliona hulisoma kama jina la bara zima!

Si hilo pekee. Amina ukivuta mwanzo ni jina la mama yake Mtume, ukivuta katikati ni mwanamke mwaminifu. Hakim ukivuta mwanzo ni mwenye kuhukumu, ukivuta mwisho ni mwenye hekima. Salim na Rashid ni vivyo hivyo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hivyo tofauti hizo hufia midomoni mwetu. Hapa hapana madhara, kwani maana zote ni njema. Lakini Abdulkhalik ni mja wa Muumba, na ikiwa kha itageuzwa kuwa ha nyepesi ya kooni, Muumba atageuka kinyozi.

Wazee wetu walipokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alif na ya zilitosha kumwambia msomaji ni Salim yupi. Herufi za Kirumi zilipotamalaki, watu wa Pwani walijitafutia njia yao, wakaandika Swaleh, Swafia na Twaha ili sauti nzito zisipotee. Njia hiyo ni ya busara, ingawa mwalimu mgeni wa Pwani huitamka ile w kikamilifu, na mtoto akabaki kuchekwa darasani.

Kicheko hupita, lakini karatasi hazipiti. Mtoto huandikwa Khadija katika cheti cha kuzaliwa, Hadija shuleni, na Khadijah katika pasipoti. Akikua, akaenda kwa Kadhi kudai urithi wa babake, hulazimika kuthibitisha kwamba hao watatu ni yeye mmoja. Akipata kazi Ghuba, au akijaaliwa kwenda Hija, jina lake hurudishwa katika Kiarabu, na karani wa huko hubahatisha.

Chanzo kimoja ni haraka. Ada yetu ni kumpa mtoto jina siku ya saba, pamoja na akika. Lakini aghlabu karani wa hospitali hutaka jina kabla mama hajatoka, na anayejibu ni yeyote aliyeko hapo. Karani naye huandika alivyosikia. Ni vyema wazazi wajue kwamba Sheria ya Kuandikisha Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inampa mzazi miaka miwili tangu kizazi kuandikishwa kulirekebisha jina. Muda huo ukipita, ni safari za wakili, viapo na gharama.

Wako wasemao dawa ni kuyaacha majina yenye utata na kuchagua mafupi yasiyomsumbua mtu. Rai hiyo ina hasara kubwa. Tukiifuata, tutawapoteza kina Athman, Swaleh na Mwanaisha. Athman si Uthman aliyekosewa. Ni Uthman aliyeishi Pwani vizazi na vizazi mpaka akawa mwenyeji.

Lililo bora ni mashauri kufanywa mapema, kabla mimba haijatimia. Mwenye elimu ya Kiarabu aulizwe maana. Bibi mzaa mama na bibi mzaa baba waambiwe walitamke, kwani wao ndio watakaoliita kila siku. Kisha liandikwe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu katika karatasi moja, baba aende nayo hospitalini, na kila hati ifuate karatasi hiyo.

Jina zuri ni haki ya mtoto juu ya mzazi wake. Kuliandika sawasawa ni sehemu ya haki hiyo, kwa sababu atakayesumbuka maofisini ni mtoto, pengine wakati ambapo mzazi hayupo tena wa kumshuhudia.