Maharage yamo kwenye kopo, mtoto hana damu

Na Tabibu Wetu, Msasani

Hivi karibuni mama mmoja wa hapa Msasani aliniletea mtoto wake wa miaka mitatu. Mtoto mnyonge, viganja vimepauka. Tulimpima malaria na minyoo, havikuonekana. Kilichoonekana ni upungufu wa damu. Nilipouliza anakula nini, nikajibiwa kuwa asubuhi ni chai ya rangi na andazi, mchana ugali wa sembe na mchuzi wa nyanya, usiku chipsi za pale kona. Kisha mama akasema kwa unyonge: "Daktari, hela ya maini tutaitoa wapi?"

Nikamuuliza nyumbani kuna nini. Akataja unga, mchele, dagaa kidogo na nusu kilo ya maharage iliyokaa kwenye kopo zaidi ya mwezi. Mbona hayapikwi? "Yanamaliza mkaa. Na mimi nikipika hayapendezi, kwetu alikuwa anapika dada."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hapana anayebisha kuwa maisha ni magumu. Lakini kwa maoni yangu, katika nyumba nyingi ninazozijua, kinachokosekana si pesa tu, ni ujuzi. Pesa ya chipsi mayai za watu wanne kwa usiku mmoja inanunua choroko na dagaa za siku kadhaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 10 wa chini ya miaka mitano hapa nchini, 3 wamedumaa. Nasi bado tunayaita maharage chakula cha shule na dagaa mboga ya kimaskini!

Asiyejiamini jikoni aanze na choroko, kwani huiva upesi kuliko maharage. Chagua, osha, chemsha mpaka zilainike, kisha unga kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi ukiwa nalo. Ukishaziweza, nenda kwenye maharage. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, weka mengine. Yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha na kuharisha. Baada ya hapo funika, punguza moto, yaive taratibu. Kuloweka kunapunguza muda wa kupika, na mkaa unaoulalamikia unabaki. Pika ya siku mbili. Kama huna friji, yachemshe tena asubuhi na jioni.

Dagaa waondolee mchanga, waoshe kwa maji ya moto, wakaange kidogo, wakamulie ndimu. Ndimu hiyo si ya kukata shombo tu. Vitamini C iliyomo inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Embe bichi hufanya kazi hiyo hiyo. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, basi isinywewe pamoja na chakula; iache kwa saa moja hivi.

Mambo mawili nayaonya. La kwanza ni magadi. Wengi huyatia ili maharage yalainike haraka, lakini yanaharibu vitamini B1 na yana sodiamu ile ile ya kwenye chumvi, jambo lisilomfaa mgonjwa wa presha. La pili ni kuvu. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Mahindi na karanga zilizoota ukungu, kubadilika rangi au kukunjamana usizionee huruma, tupa. Israfu tumekatazwa, lakini kutupa sumu si israfu. Akiba iwe kavu, kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na sakafu.

Sasa nawageukia wanaume wenzangu. Mama akiugua au akisafiri, nyumba nzima inahamia kwa mama lishe. Vijana waliopanga chumba Bonde la Mpunga wanakula chipsi asubuhi na jioni huku jiko la mkaa likiota kutu. Nani aliyetuambia kuwa kupika kunapunguza uanaume? Tuliosoma chuoni tunajua alivyoeleza Bi Aisha (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) nyumbani alikuwa akiwahudumia ahli zake.

Rai yangu kwa walimu wa madrasa na wazazi ni hii: siku moja kila mwezi, baada ya masomo, watoto wote, wa kike na wa kiume, wapike sufuria moja ya choroko au kunde chini ya uangalizi wa mtu mzima, wale pamoja. Gharama yake ni ndogo. Anayejua sufuria tatu akiwa na miaka 12 hatalaza watoto wake na chai na andazi akiwa na miaka 30.

Mama yule nimempa dawa ya kuongeza damu, na atarudi baada ya wiki mbili. Dawa itaisha. Ikiwa maharage yatabaki kwenye kopo, mtoto atarudi kwangu na viganja vile vile.

Wabillahi tawfiq.